Mkono Haukuwa na Ugonjwa

Majina ya wote waliokuja kumchukua mume wangu siku ile ninayo kichwani. Siyaandiki, wana wajukuu wanaosoma.

Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi, kiwanda kilipopata mwenye mali mpya, tukawa tunalima tu shamba letu la Bigwa, chini ya mlima. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda pembeni.

Hospitalini daktari alinieleza taratibu, maana aliona shule yangu ndogo. "Mama, mkono huu ni mzima. Kilichoumia ni ubongo, upande wa kushoto, ndio unaouamuru mkono wa kulia. Amri hupita kwenye uti wa mgongo, ikashuka kwa mishipa ya fahamu mpaka vidoleni. Sasa amri haifiki. Mfanyishe mazoezi kila siku, ubongo ujifunze upya."

Basi nikamfanyisha. Nilimkalisha abambue maharage kwa mkono uleule mbovu. Ananitukana, namjibu, tunaendelea. Kidole gumba kikaanza kusogea, nilikiona kwa macho yangu.

Ndipo akaja dada yake. "Wifi, kaka yangu anaumwa, wewe umemfanya mpishi?"

Nikamweleza habari ya ubongo. Akacheka. "Kichwa hakimuumi, mwulize mwenyewe."

Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na akiugua sana mjomba wake ndiye mwenye neno. Wewe mke unapika uji, basi. Mjomba akaja na vijana na machela, wakampandisha mlimani kwao, eti mkono ukachuliwe mafuta na kupumzishwa.

Nilimfuata baada ya mavuno. Mkono ulikuwa umejikunja kifuani kama bawa la kuku, umekakamaa. Nilipojaribu kuunyoosha alilia kwa maumivu, wifi akanisogeza pembeni.

"Mjomba, shikamoo. Naomba nishuke naye."

"Marahaba. Hapa anaogeshwa, analishwa, anageuzwa. Huko kwako atapata nini zaidi?"

"Kazi."

Wakacheka wote. Na yeye mgonjwa akacheka, kwa ule upande wake mmoja.

Wifi akaleta bakuli la uji. Mume wangu akafungua kinywa akangoja kijiko, na mkono wake wa kushoto, ambao haukuugua hata siku moja, umelala tu mapajani.

Niliaga, nikashuka peke yangu.