Kitabu cha Noeli Kilichopigwa Mshale

Kila Desemba ikikaribia mnanijazia meseji. "Mwalimu, nimchagulie mwanangu kitabu gani cha Krismasi? Cha picha nyingi au cha maneno mengi?"

Leo nawajibu wote kwa mpigo.

Mimi nilikuwa na kitabu kimoja cha Noeli, karibu chote ni picha. Kina tundu katikati. Ni tundu la mshale, na wakati mshale huo unaingia nilikuwa nimelala chini, mdomo umejaa damu.

Sitanii. Vuta kigoda.

Ilikuwa mwaka 1983. Mimi Paskazia, mzaliwa wa Samuye, mwalimu wa UPE, wale wa mafunzo ya haraka, nikapangiwa shule moja ya ndani huko. Ukishapita Kharumwa unaendelea tu mpaka unaanza kujuta. Nyumba ya mwalimu hakuna. Nikapewa chumba kwa mjane mmoja, Philomena, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Maganga kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Mama Maganga alikuwa na maneno machache na ugali mwingi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu amepikia miti ya pamba na samadi kavu maisha yake yote, ulitaka macho yawe meupe?

Lakini miaka ile, kule kwetu, macho mekundu ya bibi kizee yalitosha aitwe mchawi na auawe. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Aliishi na mjukuu wake, Apolonia, mtoto wa miaka sita. Kwa kuongea, huyo! Mama yake alishafariki. Baba yake ndiye huyo Maganga, aliyekuwa machimboni anatafuta dhahabu. Shimo lake lilikuwa halitoi kitu. Alikuja nyumbani mara mojamoja, vumbi mpaka kwenye kope, anakula, anamtazama mama yake kwa jicho la pembeni, anaondoka.

Baadaye nilikuja kujua kuwa kuna mganga alimwambia, "Dhahabu yako ipo. Ila mama yako amekushikia nyota."

Turudi kwenye vitabu.

Misheni liliingia sanduku la vitabu vya watoto kutoka Ulaya. Sista akaniita. "Mwalimu, chagua kimoja uwasomee watoto wako kabla ya Noeli. Kimoja tu, na wenzako wanasubiri."

Nikakaa sakafuni kuchagua. Cha kwanza kilikuwa cha Mtoto Yesu horini, kizuri kweli, ila panya walishamtafuna Yosefu. Cha pili kilikuwa maneno matupu ya Kizungu na picha moja ya mshumaa. Sasa mtoto aliyezoea kukimbizana na ndama umkalishe mbele ya mshumaa saa nzima?

Cha tatu ndicho. Rangi zake mpaka unatamani kulamba. Mzee mnene, ndevu nyeupe, joho jekundu, gunia mgongoni. Anapaa usiku kwenye mkokoteni usio na magurudumu, unavutwa na wanyama kama swala. Anaingia kwenye nyumba watu wamelala, anatoa vitu kwenye gunia, anaviweka, anatoka kimyakimya.

Nikasema hiki hiki. Darasa langu nusu hawakuwa wamebatizwa, wachache Waislamu, wengine kwao wanatambika. Zawadi haina dini, nikajiambia.

Najua mnacheka. Mzee anapaa usiku! Anaingia kwa watu wamelala! Usafiri wake wanyama wa porini! Usukumani, mwaka themanini na tatu! Hata Sista aliniona nikitoka nacho, akanipungia mkono.

Wiki hiyo kijijini kulikuwa na msiba. Mtoto mchanga wa Bujiku alikufa kwa surua. Bujiku alikuwa mkubwa wa sungusungu wa kitongoji chetu, mtu wa upinde na mishale, kucheka kwake kwa msimu. Maganga akaja kutoka machimboni kuzika. Alichimba kaburi yeye, akalifukia yeye, akalia kuliko wafiwa. Watu wakamsifu.

Siku chache baada ya mazishi nikawakusanya watoto uani kwa Mama Maganga. Nikafungua kitabu.

"Mwalimu, pamba yote hii imemwagika! Nani ataiokota?"

"Siyo pamba, ni theluji."

"Theluji ndiyo nini?"

"Haya, ni pamba," nikasema. Tungekesha hapo.

Nikafika ukurasa ambao mzee ameinama kando ya kitanda na gunia lake. Apolonia akasimama wima.

"Huyu namjua! Aliingia kwetu usiku!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikamuuliza, "Umemjulia wapi?"

Akafungua mdomo, akaona wote wanamtazama, akaufunga. "Nimeambiwa nisiseme mpaka Noeli."

Hapo hapo mwingine akauliza kama swala wale wanaliwa, darasa likalipuka, tukaendelea.

Watoto wakarudi makwao na habari. Kwa Mama Maganga kuna mzee anaruka usiku, Apolonia kamwona kwa macho yake. Ilipofika jioni swala walishakuwa fisi, usafiri wa wachawi. Kesho yake lile joho jekundu lilishakuwa damu ya mtoto wa Bujiku.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nachambua mlenda niliposikia firimbi. Kisha mwano.

Kama hujawahi kusikia mwano, ni yowe la kuitana. Ukilisikia unatupa jembe unashika silaha, unakimbilia linakotoka. Siku hiyo lilikuwa linakuja kwetu.

Uwanja ukajaa wanaume. Mapanga, marungu, mishale. Mbele yupo Bujiku, pembeni yake Maganga kifua wazi.

"Mama Maganga atoke!"

Aliyepaza sauti kuliko wote ni Maganga mwenyewe. Mtu anataja jina lake ili mama yake auawe.

Nilisimama mlangoni na kitabu mkononi. "Jamani, hiki ni kitabu tu, kimetoka kwa masista..."

Rungu likanipata mdomoni. Nilianguka, nikatema meno pamoja na damu.

Maganga akanivuka, akaingia ndani. Hakupekua popote. Hata mate sikuwahi kuyameza mara ya pili, akatoka na gunia, akalimwaga mbele ya watu. Mkia wa fisi. Kibuyu cha dawa nyeusi. Na kipande cha khanga.

Mke wa Bujiku alipiga ukelele. "Ya mwanangu! Hiyo ndiyo nilikuwa nambebea mwanangu!"

Wakamburuta Mama Maganga kwa nguo. Kijana mmoja, ambaye juzi yake tu alikula ugali wa mama yule akaongezewa, akainua panga. Mama akakinga kwa mkono. Mkono ukabaki unaning'inia kwenye ngozi.

Hakulia. Alimtafuta mwanawe kwa macho. "Maganga, ng'wana wane, mwanangu, niambie nimekukosea nini."

Maganga akaangalia pembeni.

Bujiku akakiokota kitabu miguuni pangu, akakifungua pale pale penye mzee na gunia, akakiegemeza kwenye kihenge cha mtama. Akarudi nyuma, akavuta upinde. Mshale ukapita tumboni mwa yule mzee ukazama kwenye fito.

"Huyo tumemmaliza," akasema. "Sasa aletwe yule mtoto aliyesema anamjua. Atutajie wenzake wote."

"Mtoto anajua nini!" Maganga akadakia. "Tumalize kazi!"

"Mkubwa hapa ni mimi, Maganga. Shahidi lazima asikike."

Apolonia akasukumwa mbele. Alikuwa amejikojolea. Bujiku akachutama.

"Huyu mzee ulimwona?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaongea na bibi yako?"

"Bibi alikuwa amelala."

"Ni nani?"

Mtoto akamtazama baba yake. Akatazama mkono wa bibi yake.

"Msimpige bibi. Vitu hivyo siyo vya bibi, baba ndiye alimletea. Aliviweka uvunguni. Alisema ni zawadi, nisiseme mpaka Noeli."

Nzi tu ndio walikuwa wanasikika kwenye damu.

Bujiku akaiokota ile khanga, akaigeuzageuza. "Tulimzika nayo," akasema polepole. "Na kaburi ulilifukia wewe."

Maganga alimrukia mwanawe na panga. Nilikuwa bado chini, nikamvuta Apolonia mguu akaniangukia, panga likala udongo karibu na sikio langu. Kisha akakimbia.

Mwano ukapigwa tena. Umati ukageuka wote kwa pamoja, kama maji yamefunguliwa mfereji mwingine. Mshale wa kwanza ulimpata pajani, wa pili mgongoni. Akaangukia kwenye shamba la pamba changa, na mapanga yakamkuta hapo. Nilisikia kila pigo. Nilimziba Apolonia masikio, yangu hakuna aliyeyaziba.

Mama Maganga akainuka. Sijui nguvu aliitoa wapi. Alishikilia mkono wake uliokatika kifuani, akawa anawakimbilia.

"Mwacheni! Nimemsamehe! Jamani, ni mwanangu huyo!"

Mmoja wao akamzuia kwa adabu zote, panga bado linachuruzika. "Pole, mayu, mama yetu. Rudi ukapumzike."

Walewale. Walewale waliokuja kumuua!

Walimchomea hukohuko shambani. Polisi walikuja baadaye wakauliza nani alifanya. Kijiji kizima kilikuwa kimeenda kuchota maji.

Mama Maganga alipona, mkono ukabaki hospitali. Watu waliendelea kumwita Mama Maganga naye akaendelea kuitika, mpaka anaingia kaburini.

Jioni ya siku ile Apolonia alikaa karibu yangu. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, siwezi hata kunywa maji.

"Mwalimu, ni kwa sababu nimesema kabla ya Noeli?"

Ningemwambia nini mtoto yule? "Hapana, mwanangu," nikasema. "Tulikosea kuhesabu. Noeli ilikuwa leo."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaamini nimemponya. Kwa miaka mingi nilijipa moyo kwamba alikuwa mdogo, hakujua alichokisema, alidhani kweli ni zawadi.

Sasa sikilizeni.

Apolonia amekuwa mtu mzima, ana watoto na wajukuu. Desemba moja alikuja kwangu kuomba vitabu vya kuwasomea. Nikamtolea vipya, vizuri. Akavipita vyote, mkono ukaenda kwenye kile chenye tundu. Akaweka kidole kwenye tundu.

"Mwalimu, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mtoto gani wa kule asiyejua mkia wa fisi? Nilimwona baba anautoa kwenye gunia. Nilijua bibi anatafutiwa kifo. Siku ile ya kitabu nilisema namjua ili mtu aniulize. Ukaniuliza wewe, lakini mbele ya watoto wote. Niliogopa."

Nikaviweka chini vile vitabu vipya.

"Na walipokuja na mapanga, nikasema ni zawadi," akaendelea, machozi yanamtoka. "Ningesema uchawi wangemuua baba. Nikajua nikisema zawadi watamwacha bibi, na baba watamwacha. Nani anauawa kwa kuleta zawadi?"

Miaka sita, ndugu zangu. Amesimama katikati ya mapanga, anatafuta neno moja la kuwaokoa wote wawili.

Tulilia mpaka chai ikapoa. Akaondoka nacho kitabu. Wajukuu wake wakiuliza lile tundu ni la nini, anawaambia ukweli, kidogokidogo, kadiri ya umri wao.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza kitabu gani, chagua chochote kisichotafunwa na panya. Ila mtoto akisimama katikati ya hadithi akakwambia "huyu namjua", kifunge. Watume wenzake wakachote maji, mkalishe peke yake, umuulize taratibu, na umsubiri mpaka amalize.