Picha ya Kichwa cha Mama

Ni mimi nilimwambia mama aombe. Pengine si hiyo iliharibu, lakini nilimwambia.

Alikuwa ameumwa kichwa miezi mingi, na mkono wa kushoto ukaanza kukataa jembe. Daktari wa Bungoma akatutuma Kitale apigwe picha ya kichwa kwa ile mashine kubwa yenye shimo, unaingizwa umelala. Msichana wa mashine alitueleza vizuri, siwezi kumsingizia.

“Shosho, usitingike hata kidogo. Ukitingika, picha inaharibika.”

“Hii si ni kaburi, bana?”

“Kaburi gani lina taa, shosho?”

Mama hakucheka. Nikamwinamia. “Omba tu, mama. Itaisha ukiwa unaomba.”

Na mama haombi kimoyomoyo. Kila akitaja Yesu, kichwa kinaenda mbele na nyuma. Nimekaa kando yake kanisani tangu utoto, nilijua. Msichana alimwekea vitambaa huku na huku, akarudia picha mara mbili, na watu wamejaa nje wakingoja.

Daktari wa Bungoma aliangalia ile picha muda mrefu. Hata mimi niliona mistari, kama maji yaliyorushiwa jiwe, na mahali peupe katikati.

“Huu weupe unaweza kuwa uvimbe,” akasema. “Unaweza pia kuwa ni kule kutingika tu. Siwezi kupasua mtu kwa picha hii. Arudie.”

“Sirudi huko,” mama akasema. “Labda mnipeleke nikiwa maiti. Hapo nitatulia.”

Maumivu yalipozidi alilegea kidogo. Akasema tujaribu kwanza nyumbani Bumula. Akiona anaweza kutulia, atarudi.

Jana alilala kitandani, mdomo umefungwa, haombi. Nikamwekea punje ya mahindi kwenye paji la uso. Ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka. Kichwa kilikuwa kinatetemeka chenyewe, kidogo kidogo, na sidhani yeye alijua. Mimi niliachia shule darasa la nane, mambo ya mashine siyajui. Lakini kama ugonjwa wenyewe ndio unamtingiza, utapigwaje picha? Nilidhani nitafurahi kujua si yale maombi. Sikufurahi. Maombi angeweza kuyaacha.

“Nimetulia?” akauliza, macho bado amefumba.

Nilikuwa nimepiga magoti, natafuta punje chini ya kitanda.

“Umetulia, mama.”

“Basi waambie nitakuja.”