Baba alipoacha kusikia miguu: kansa ya prostate ikifika kwa mgongo

Wakuu, habari za Jumapili. Naandika vile ilitokea, siongezi chumvi.

Babangu ana kansa ya prostate, ile imeshasambaa. Anadungwa sindano kila miezi tatu. Tuko side ya Kathonzweni.

Lakini majirani wakiitana mwethya, ile kazi ya pamoja, ya kuchimba terrace, lazima aende na jembe. Hajui kukaa.

So mgongo ilipoanza kumuuma, nani angeshuku?

"Ni hiyo jembe," mamangu akamwambia. "Si nilisema uwachie vijana?"

Tukamchua mgongo wiki mbili. Hapo ndio tulikosea.

Alhamisi asubuhi akatoka kuangalia mbuzi, anayumba kidogo. Slippers ya kushoto ikabaki mlangoni.

"Baba, kiatu!"

Akaangalia chini. "Kwani imetoka saa ngapi?"

Alikuwa anakanyaga miiba na hajui!

Mama akataka tungoje clinic ya Jumatatu. Mimi kungoja sijui. Nikaita probox itupeleke hospitali; tukifika, miguu ilikuwa imeshakataa kusonga.

Daktari akamgusa na pamba kutoka vidole akipanda. Unasikia? Hapana. Hapa je? Hapana. Kufika kitovu, baba akashtuka, "Hapo sasa!"

Wakuu, kuna mpaka. Juu yake ni babangu. Chini ni kama miguu ya mtu mwingine.

Akaulizwa kama anakojoa. Akaniangalia mimi. Mkamba wa rika yake atasemaje hiyo mbele ya msichana wake?

"Ambia huyu atoke kwanza."

Nikatoka. Kumbe mkojo ilikuwa imekataa tangu jana, na angenyamaza tu juu mimi niko hapo.

Scan ikaonyesha kansa imekula mfupa wa mgongo, sasa inafinya uti wa mgongo, ile njia ya nerves za miguu. Daktari alisema tungengoja Jumatatu, pengine hangesimama tena. Hata hivyo hakutuahidi kitu. Akaanzishiwa steroid ya kupunguza uvimbe siku hiyo hiyo, halafu referral ya kuchomwa na miale.

Siku ya sita tangu tufike hospitali, nikiwa namkunjia blanketi, kidole gumba ikasonga.

"Baba, ni wewe umefanya hivyo?"

"Kwani ni nani, mwiitu?" Hivyo ndio huniita, yaani binti.

Nililia kama mtoto. Sahi anafika choo na walker, ile ya chuma ya kushikilia.

Nimejifunza hivi: mwenye hii kansa akiumwa na mgongo, miguu ilegee ama mkojo ikatae, ni hospitali siku hiyo, si kuchua. Na kama wewe ni msichana, tafuta mwanaume amuulize zile zake za mkojo.

Sasa swali. Kuna mtu wenu aliwahi kuacha walker? Jibuni ukweli, hata kama ni mbaya. Nitamsomea yeye mwenyewe, amesema hataki kufichwa.