Siku Bosi Alipotoka Joshoni

Rungu la kwanza lilimpata mbwa wetu Bosi kiunoni, mkia bado unatingishika. Alidhani ni mchezo. La pili likampata kichwani, pale pale kando ya josho la kijijini kwetu Hombolo, mbele ya mbuzi, mbele ya watu, mbele yangu mimi mwenye miaka tisa.

Nilikuwa nimeyafukia haya, nakwambia ukweli, mpaka wiki iliyopita. Hapa Kizota ninapouza chakula, fundi jirani alimwogesha mbwa wake. Alipomwachia tu, mbwa akatimka: masikio yamelala nyuma, makalio yameinama, anazunguka karakana, anakata kona, anarudi mbio. Nikadondosha mwiko. Fundi akacheka. "Mama, usiogope, huyu kila akioga ni hivyo. Ni raha tu. Akichoka analala." Na kweli, akalala.

Basi Bosi naye alifanya hivyo hivyo. Siku za josho tulitoka alfajiri, bibi kanifungia kipande cha ugali wa uwele, njia nzima vumbi na kengele za mbuzi. Baba mdogo alikuwa na mazoea ya kumtumbukiza na mbwa kwenye dawa, kupe wafe wote kwa pamoja. Siku hiyo Bosi akatoka amelowa chepe, akajikung'uta, akaanza kuzunguka kwa kasi, mbuzi wakatawanyika. Akanirukia, akanilamba uso.

"Kichaa! Ana kichaa huyo!" Aliyepiga kelele ni balozi wetu wa nyumba kumi. Bibi akamwambia, baba, mbwa amelowa tu, anajikausha, mwangalie mdomo, hana hata povu. "Mama, nenda kakoroge mlenda," akajibiwa, na wanaume wakacheka. Aliyeshika rungu ni baba mdogo, na Bosi hakuinuka tena.

Kwa kuwa nililambwa, na mimi nikawa kichaa. Hospitali hakunipeleka mtu. Balozi aliamuru nifungiwe banda la ndama mpaka mwezi mwingine uandame. Kila asubuhi alinisogezea bakuli la maji kwa fimbo, aone kama nitayaogopa, maana mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Nikayanywa. Kila asubuhi nikayanywa, yeye anatazama, anafunga mlango tena. Nilipotolewa, mwalimu mkuu akasema nikae nyumbani kwanza, wazazi wa wenzangu wana wasiwasi. Hiyo "kwanza" haijaisha hadi leo. Shule yangu iliishia darasa la tatu.

Josho sasa ni magofu, limeota miiba. Bibi hayupo, baba mdogo hayupo, mwalimu alihama zamani. Balozi yupo. Nimemwona msibani juzi hapa, watu wanapanga mstari kumpa shikamoo. Mimi sikumpa.

Mzee balozi, sitaki uniombe radhi chumbani. Waite waliobaki wa siku ile, simama mbele yao, uwaambie: ulipoona mtoto anakunywa maji siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, kwa nini hukumfungulia?