Cheti cha Madamu

Mimi karatasi isiyo na plastiki siiamini. Cheti changu cha darasa la saba nimekipiga laminesheni, cha ndoa nimekipiga, cha ubatizo wa marehemu mume wangu nimekipiga, na hata kibali cha kumzika kipo kabatini kinang'aa utadhani kuna siku atakihitaji. Waliokulia kwenye nyumba zinazovuja, huku panya wanakula kila kisichokuwa chuma, watanielewa. Ndiyo maana nilipopata mtaji wa kufungua duka la steshenari hapa Makambako, mashine ya kwanza kununua haikuwa ya fotokopi. Ilikuwa ya laminesheni.

Madamu alianza kuja dukani mwaka wa pili. Ni Mfilipino, mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha maparachichi nje ya mji, na wasichana wa kiwandani ndio waliompa jina hilo. Mfupi, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake alikiokota kazini, kwa hiyo alijua kutukana kabla hajajua kuomba maji. Akiingia anatusalimia "Kamwene" kwa lafudhi iliyowafanya wazee wa Kibena wamsamehe kila kitu. Bendera ya kwao ilikuwa kwenye kava la simu, kwenye chupa ya maji na kwenye kofia.

Nikiri kwamba ile bendera ilinikera. Kila kitu kilikuwa bora kwao. Maembe ya kwao, bahari ya kwao, hata mvua ya kwao ilikuwa na adabu zaidi. Na parachichi, ambalo sisi watu wa Njombe tunaamini Mungu alitupa sisi tukawagawia wengine kwa huruma, kwao wanalisaga na maziwa na sukari. Sukari! Siku moja nikamuuliza, nchi tamu namna hiyo, mbona umeiacha ukaja kubonyezabonyeza maparachichi yetu? Akacheka mpaka akashika meza.

"Sijaiacha, Mama. Nimetoka tu kidogo."

Hicho kidogo kilikuwa miaka minne. Alikuwa na binti mmoja, aliyelelewa na mama yake mdogo, na mwaka huo alikuwa anamaliza sekondari akiongoza darasa. Kwao, alinieleza, mtoto aliyefanya vizuri hapandi jukwaani peke yake. Anapanda na mzazi wake, na mzazi ndiye anayemvisha medali mbele ya watu wote. Alinieleza hilo karibu kila wiki, kana kwamba mimi ndiye mwenye kutoa ruhusa. Gauni alishashonesha. Kilichobaki ni pasipoti, iliyokuwa inakaribia kuisha muda wake, na bila mpya asingeruhusiwa kusafiri.

Maofisa wa ubalozi wao, ulio nchi jirani, walikuwa wanakuja Dar es Salaam Jumamosi moja tu, kuwahudumia Wafilipino wa nchi nzima, kisha waondoke. Alhamisi Madamu akaniletea bahasha nimtolee kopi tatu tatu, naye akaenda sokoni. Ndani mlikuwa na pasipoti, mkataba wa kazi, kibali cha ukaazi, cheti cha kuzaliwa, na orodha ya masharti yenye kurasa mbili.

Kile cheti kilinitia huruma. Karatasi laini, rangi zimefifia, na mikunjo imeanza kuchoka. Nikasema moyoni, huyu mtu anaisifia nchi yake kutwa nzima, halafu ushahidi kwamba alizaliwa huko anautembeza kama risiti ya dukani. Nikawasha mashine. Sikutaka malipo, nilitaka aone kwamba na sisi tuna ustaarabu wetu. Cheti kikatoka cha moto, kimenyooka, nikakata zile kona kwa mkasi zisije zikamchoma, nikakiweka juu ya bahasha ili akikute.

Aliporudi alikigeuza, akakigeuza tena, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekutunzia," nikamwambia. "Bure."

Akavuta ile orodha ya masharti na kunionyesha mstari kwa kidole. Walitaka cheti halisi, kisichofunikwa na plastiki. Orodha hiyo nilikuwa nimeitoa kopi tatu kwa mkono wangu mwenyewe, safi kabisa, hakuna hata doa la wino, na sikuwa nimesoma hata neno moja. Cheti kingine kingechukua wiki nyingi kufika kutoka kwao. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Yeye alitaka kukiacha kilivyo, aende akajieleze. Lakini mimi ni mzaliwa wa Njombe, na mzaliwa wa Njombe hawezi kukaa kimya mbele ya mgeni aliyekata tamaa. Nikamwambia Makambako ni mji wa watu wa kupita, hapa usitafute fundi. Twende Njombe mjini, kuna bwana mmoja ana duka la nyaraka karibu na stendi, hakuna kinachomshinda. Nikang'ang'ania mpaka akakubali. Nikafunga duka, tukapanda gari, na njia nzima yeye amekumbatia bahasha, mimi namsimulia sifa za Njombe: viazi vyake, mbao zake, watu wake wasiobahatisha kazi. Nadhani nilikuwa namlipizia yale maembe.

Yule bwana alikishika cheti, akakiangalia juani, akasema, "Hiki kidogo sana kwangu." Akawasha pasi, akatandaza kitambaa juu ya cheti. Plastiki ikaanza kuachia. Nikampiga Madamu bega. "Si nilikwambia?" Halafu kona ya juu ikabanduka pamoja na plastiki, na karatasi yake, na nusu ya namba ya cheti ikiwa humo humo.

Yule bwana akazima pasi. Akasema tatizo ni karatasi, za nje siku hizi hazina ubora. Niseme ukweli, nilitikisa kichwa kumwunga mkono kabla sijajijua. Madamu hakutukana, na alikuwa anayajua matusi yetu yote.

Ijumaa alipanda basi la Dar na barua yangu mkobani. Niliandika kwamba mimi, mwenye duka, ndiye niliyefanya kosa, na mwenye cheti hana hatia. Nikaipiga muhuri wa duka sehemu mbili, maana barua yenye muhuri mmoja inaonekana kama inaficha kitu.

Jumatatu alirudi moja kwa moja dukani. Ofisa alikuwa mama mpole, alisema. Alitafsiriwa barua yangu yote na kuisikiliza mpaka mwisho. Ingekuwa plastiki peke yake, angemwombea ruhusa kwa wakubwa wake. Ile namba iliyong'oka ndiyo hakuwa na la kufanya nayo. Angeweza kumpa karatasi ya dharura ya kumfikisha nyumbani, ya kwenda tu. Akiitumia hiyo, kurudi kazini ni kuanza upya, mkataba mpya na kibali kipya, na kiwanda kisingemsubiri msimu ukiwa katikati. Binti ameshapata nafasi chuoni, na wa kumsomesha ni yeye peke yake. Hakuichukua.

Nililia, sina haja ya kuficha. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kibena. Akanipapasa mgongo.

"Lakini umeona ofisa wetu, Mama? Alinipa na kahawa."

Hata hapo alikuwa anaisifia nchi yake, na safari hiyo nilimwacha aisifie.

Siku ya mahafali alikuja saa tatu asubuhi, kwa sababu intaneti yangu haikatiki ovyo. Alikuwa amevaa lile gauni. Nikamgeuzia kompyuta. Wateja walikuwa sita au saba, kila mmoja na fomu yake mkononi. Wimbo wa taifa la kwao ulipopigwa, Madamu akasimama, mkono kifuani. Wateja wakatazamana. Mzee mmoja akavua kofia, na wote waliokuwa kwenye benchi wakanyanyuka, ingawa hakuna aliyejua wimbo ni wa nchi gani.

Binti alipoitwa, alipanda na mama yake mdogo. Mshereheshaji akasema maneno marefu, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Madamu hakuondoa macho kwenye kioo. "Anasema mama wa huyu mtoto hayupo kwa sababu ni shujaa wa taifa. Amejitolea kubaki kazini, mbali. Wampigie makofi."

Wateja wangu ni watu wa heshima. Kusikia hivyo, nao wakapiga makofi. "Hongera sana, dada," mzee akamwambia, na mama mmoja akapiga vigelegele mpaka jirani muuza simu akachungulia mlangoni. Madamu akawainamia kichwa mmoja mmoja. Kwenye kioo, mama mdogo alikuwa anahangaika na utepe wa medali, na binti amemwinamishia shingo, anasubiri. Vidole vya Madamu vilikuwa vinafunga fundo hewani.

Wote walikuwa wananitazama, mimi peke yangu nisiyepiga, kwa hiyo na mimi nikapiga makofi.