Mama Bisibisi na Laptopu ya Mpima

Mama Bisibisi hakuwa mpole, na anayesema alikuwa mpole hajawahi kumpelekea kompyuta. Aliwahi kumtupia mteja betri ya laptopu kwa kosa la kusema "fanya haraka". Mumewe alimzaba kibao mara moja tu maishani, asubuhi, sikio la kushoto likafa. Mchana wa siku ileile mume alikuwa anashonwa paji la uso, na kabla jua halijazama alikuwa mume wa zamani. Binti yao, ambaye siku hizi ni muuguzi, alikuwa na miaka mitatu. Mama alimbeba mgongoni, akachukua na mfuko wake wa bisibisi, akaenda kupanga chumba.

Lakini kwenye kazi, nani kama yeye? Alishughulika na laptopu za kazi ngumu, zile nene zenye mpini kama sanduku la vifaa na pembe za mpira, wanazotembea nazo watu wa machimbo, wa barabara na wa kupima ardhi. Zinaanguka kutoka kwenye gari na hazisemi kitu. Ugonjwa wao ni mmoja: ukisahau paswedi ya BIOS, ile inayoulizwa kabla mashine haijaamka, umekwisha. Mafundi wengine walichomoa kibetri kidogo cha saa, wakangoja, wakakirudisha, wakaikuta paswedi imekaa palepale inawachekelea. Kwenye mashine hizi paswedi haikai huko. Inakaa kwenye chipu ndogo yenye miguu minane, chini kabisa ya bodi, na Mama Bisibisi alijua ni miguu ipi miwili ya kuigusisha kwa sindano, sekunde gani aguse na sekunde gani aachie. Mkono mmoja sindano, mwingine lenzi, kwa hiyo swichi alibonyeza mteja. "Bonyeza," angesema, na mameneja wazima walibonyeza bila kupumua.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mashine iliyomshinda, na alihakikisha mtaa mzima unajua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alijisifia mwenyewe, hakungoja watu. Sifa hizo ndizo zilizomleta yule mwanaume mrefu asubuhi ya Jumanne.

Alikuwa na shati lililopigwa pasi na sauti ya upole. Aliingia dukani, chumba cha hatua nne kwa tano, akatazama meza iliyojaa alama za moto, lenzi yenye taa, na jiliwa dogo, kile chuma cha kubania vitu, lililofungwa pembeni mwa meza kwa skrubu mbili nene.

"Shikamoo, mama. Laptopu yangu, nimesahau paswedi. Wameniambia hakuna iliyokushinda."

"Marahaba. Hawakukudanganya. Kaa."

Alifungua kifuniko cha chini, akaunganisha umeme, akawasha. Kikatokea kisanduku cha paswedi, na juu yake ule mstari mdogo ambao mwenye mashine huuandika siku ya kuifunga. Wateja huwa hawauoni, maana macho yao yako kwenye kisanduku. Mama Bisibisi huusoma kwanza. "Mimi ni mpima ardhi," mstari ulisema. "Ukiniokotea, nipigie." Kisha namba ya simu.

"Kumbe wewe mpima?"

"Ndiyo, mama."

"Kile chombo chenu cha miguu mitatu, niliwahi kuletewa kimoja hapa. Mnakiitaje?"

Mwanaume alifikiri kidogo. "Kamera."

Mpima ardhi anayeiita theodolaiti kamera ni sawa na mchinjaji anayemwita ng'ombe mbuzi. Mama Bisibisi alimtazama mikono. Vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka, ngozi mpya bado nyekundu. Hivyo ni vifundo vya mtu aliyepiga kitu kigumu kuliko alivyotarajia, na fuvu la binadamu ni gumu.

"Ngoja nimuulize muuza vipuri," alisema, akaipiga ile namba ya kwenye kioo. "Habari yako. Nina laptopu ya mpima hapa mezani, mwenyewe kasahau paswedi. Nauliza ile chipu."

Kisha sauti ya mwanamke, chini sana: "Aliyeileta ni mrefu? Anaongea kwa upole?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Ni mume wangu. Nilitoka kwa kupitia dirishani, nikaiacha. Ndani mna barua ya uhamisho, ina jina la kituo changu kipya. Mama, nakuomba usimfungulie. Safari hii ataniua."

"Basi kama haipo, haipo," alisema Mama Bisibisi, akakata.

Mtu mwenye akili angesema kazi ni ya siku tatu, niachie, uje Ijumaa; kisha angefunga duka na kwenda polisi. Mama Bisibisi alikuwa na akili, lakini hasira ilimtangulia kama kawaida yake. "Toka," alimwambia. "Mashine inabaki hapa."

Mwanaume hakutoka. Alifunga mlango akageuza ufunguo. Aliichukua simu mezani, akatazama namba ya mwisho, na namba ile aliijua kwa moyo.

"Umeongea na mke wangu," alisema, sauti ileile ya upole, na akampiga kwa stuli.

Stuli ilimpata begani ikamwangusha. Aliinuka na sanduku la bisibisi mkononi, akamtandika nalo mdomoni, jino likaruka hadi chini ya meza. Kwa wakati huo hilo lilikuwa pigo lake pekee la maana. Mwanaume alimshika nywele, akamgonga uso kwenye meza mara mbili, akamburuta hadi kwenye jiliwa, akamwingiza vidole vitatu vya mkono wa kulia katikati ya chuma, akakaza mpaka vikashikwa. Mama Bisibisi alipiga kelele kwa nguvu zote. Jirani yake, mchomeleaji wa mageti aitwaye Cheche, alikuwa anasaga chuma, na mashine ya kusagia ikisaga huwezi kusikia hata wazo lako.

Umeme wa Cheche, hata hivyo, ulipita kwa Mama Bisibisi, kwa waya mnene uliotoka kwenye soketi ya chini ukapenya ukutani. Ugomvi wao wa kila wiki ulikuwa juu ya waya huo. Alinyosha mguu, akaukanyaga, akauvuta mpaka ukachomoka, na ule mlio wa upande wa pili ukafa. Cheche angekuja. Tangu wajuane hajawahi kukatikiwa umeme akanyamaza. Ila Cheche kwanza huilaumu mashine, huipiga teke, huitukana mama yake, ndipo amkumbuke jirani.

"Utafungua?"

"Sifungui."

Mwanaume aligeuza mpini wa jiliwa robo mzunguko. Mfupa wa kidole cha kati ulilia kama kijiti kikavu.

"Utafungua?"

Alimtemea damu kwenye shati. Robo nyingine. Cha pete kikaenda. Alijikojolea, na mtu aliyewahi kumcheka mtu kwa jambo kama hilo ashukuru Mungu kwamba hajajaribiwa.

Kwenye robo ya tatu Mama Bisibisi alisema, "Nitafungua."

Tuliseme wazi hapa, kwa sababu baadaye halikusemwa. Hakuwa anamdanganya mtu, wala hakuwa anavuta muda. Alimaanisha. Yule mwanamke wa kwenye simu hakuwa ndugu yake, na vidole vilikuwa vyake.

Mwanaume alilegeza jiliwa. Mama Bisibisi alishika sindano kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kufanya kazi hiyo, akainama juu ya bodi huku pua ikidondosha damu. "Bonyeza," alisema. Akabonyeza. Akagusa miguu ya chipu, akahesabu, mkono ukatetemeka, sindano ikateleza. Kisanduku cha paswedi kilirudi vilevile.

"Tena," alisema mwanaume.

Aliirudisha sindano mahali pake, na ndipo mlango ulipopigwa.

"Wewe mwanamke, umenikatia tena? Nina geti la watu hapa." Cheche alichungulia kwenye ufa wa mbao, akaona damu juu ya meza, akaupiga mlango teke mpaka kitasa kikang'oka.

Aliingia na bomba la chuma. Mwanaume alimwahi kwa stuli, mfupa wa bega la Cheche ukavunjika, bomba likaanguka. Hapo Mama Bisibisi alichukua chuma cha kulehemu, kilichokuwa kinawaka tangu asubuhi, akamchoma mwanaume shingoni chini ya sikio, akakandamiza mpaka nyama ikatoa harufu. Sauti ya upole iliisha siku hiyo. Cheche aliokota bomba kwa mkono mzima akampiga goti, na alipoanguka Mama Bisibisi akachukua stuli ileile, akampiga nayo mbavuni, akampiga tena, akaendelea, watu wakajaa mlangoni na yeye bado anapiga.

"Basi, dada, basi," alisema Cheche. "Atakufa, tufungwe sisi."

Polisi walimchukua mwanaume akiwa hai, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jema kuliko alilostahili.

Hospitalini vidole vilipigwa vyuma na plasta mpaka kwenye kiwiko. Binti yake alimwosha, akamlisha, na kuwasimulia wauguzi wenzake: "Mama yangu alibanwa kwenye jiliwa na hakufungua." Wapangaji wenzake walimwita chuma. Cheche, bega limefungwa, aliapa kwamba alimkuta anamzubaisha yule mwanaume kwa kujifanya anafungua. Mama Bisibisi, mwanamke aliyejisifia hata alipokaza skrubu, aligeukia ukuta akasema ana usingizi.

Siku ya kumi na tisa alikuwa dukani, hana kazi, mkono juu ya mto. Mwanamke aliyejifunga kilemba aliingia ameishika laptopu kwa mpini. Mshono mpya ulitoka kwenye nyusi yake ukapotelea ndani ya kilemba. Akamwamkia, akakaa.

"Polisi wamenirudishia," alisema. "Kesi ni Alhamisi. Picha za yote aliyonifanyia kwa miaka sita zimo humu. Na paswedi siikumbuki."

"Umesahau?"

"Nimeiandika kila asubuhi kwa miaka minne, mama. Aliponipiga hapa ikatoka. Hata jina la marehemu mama yangu lilitoka. Hilo limerudi."

Mama Bisibisi alitazama plasta yake, kisha mikono ya mwanamke, mikono iliyozoea kurekebisha vyombo vidogo juani. Akampa sindano. Alimwonyesha miguu miwili ya chipu kwa ncha ya kalamu, akaweka kidole chake cha kushoto kwenye swichi, na safari hii fundi ndiye aliyebonyeza. Mara ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu mashine ilipita kisanduku bila kuuliza kitu, ikaamka.

Mpima alifungua picha moja, akaifunga upesi. Kisha akasema, "Wamenisimulia. Vidole vitatu, na hukukubali."

"Nilikubali."

Mpima aliinua macho.

"Kwenye cha tatu nilikubali," alisema Mama Bisibisi. "Nilishika hiyo sindano kwa mkono huu nikajaribu kweli. Mkono ulitetemeka tu. Ungekuwa ule wa kulia, angekuwa na barua yako dakika ileile. Nina aibu, mwanangu, na nimechoka kuitwa chuma."

Mwanamke alinyosha mkono wake wa kushoto mezani. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea nje.

"Mimi nilirudi kwake kwa hiki kimoja tu," alisema.

Upande wa pili Cheche alikuwa anajaribu kusaga chuma kwa mkono mmoja na kutukana kwa mdomo mzima. Mashine ilikuwa inangoja iwekewe paswedi mpya, na mwanamke akauliza aweke ipi.

Mama Bisibisi aligeuza kiti chake, akautazama ukuta. "Daktari anasema mkono wa kulia hautashika sindano tena. Hiyo sindano chukua, ni yako. Kwa hiyo mumeo akitoka jela akanibana tena, kilichobaki cha kumpa ni paswedi. Usinitajie."

Nyuma yake, kwa sikio lile moja, alisikia vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja, kwa muda mrefu.