Maana Zote za Get, na Ploti ya Mama

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa natamani kujichapa kofi. Nakusimulia kwa sababu ninyi vijana mliosoma mmenichosha. Juzi nilimpa mjukuu wangu barua ya watu wa maji anisomee. Kijana ana digrii. Akaanza kunieleza kwamba neno fulani humo lina maana hii, na kwa upande mwingine maana ile. Nikamuuliza, "Maji yanakatwa ama hayakatwi?" Akasema, "Ngoja kwanza, Shosho, nikueleze." Sikungoja. Nilimnyang'anya barua nikatoka nje.

Lakini simchukii. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nilikuwa mbaya zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na kurudi kwao. Mama yangu alikuwa mjane. Alikuja huku Eldoret na baba kutoka upande wa kati wa nchi, na kwa miaka mingi alibambua maganda ya miti ya miwati katika shamba la mzungu mmoja, njia ya Kaptagat. Mzungu alipotaka kuuza, wafanyakazi wake na wenye maduka wa mjini waliungana, wakafanya kampuni, wakalinunua. Mama aliuza ng'ombe wake wote wawili ili aingie. Kipande chake alikuwa ameshakichagua kwa macho, kile cha chini karibu na kijito, penye udongo mweusi. Kila jioni akitoka kazini alipita hapo akasimama kidogo. Kambi nzima ya wafanyakazi ilijua.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, msichana pekee wa kambi hiyo aliyefika hapo, na nilikuwa na kamusi ya Kiingereza niliyozawadiwa shuleni. Niliibeba kila mahali, hata chooni, Mungu anisamehe.

Basi Jumapili hiyo, baada ya kanisa, ikaletwa barua ya wakili. Wenzetu wa mjini walikuwa wamepata yao. Sisi wa kambini, familia kumi na moja, tukakusanyika ndani ya stoo ya mahindi ili nisome. Zilikuwa kurasa mbili. Mstari wa kwanza ulisema kwamba wanachama sasa wata-get ardhi yao. Mzee Kibet, aliyesimamia ng'ombe wa mzungu na ndiye tuliyemhesabu mkubwa wetu, akauliza, "Hiyo get ni kitu gani?"

Ningesema "kupata" nikaendelea. Neno moja tu, mwanangu! Badala yake nikafungua kamusi. Nikawaambia get ni neno dogo lenye ukoo mkubwa. Ni kupata, ni kupokea, ni kuleta, ni kufika, ni kuelewa, na hata homa ikikushika wewe ume-get. Kisha nikawaletea ndugu zake, obtain, acquire, receive, procure, na kila mmoja nikampa cheo chake, huyu wa ofisini, huyu wa mahakamani, huyu wa sokoni. Wazee walitikisa vichwa. Akina mama wakacheka waliposikia kwamba mtu hu-get mume na hu-get kikohozi kwa neno lile lile. Mama alikaa juu ya gunia akimwambia jirani yake, "Huyo ni wangu." Nani angenyamaza hapo? Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma mpaka mvua ikapiga mabati na kila mtu akakimbilia mifugo yake.

Ukurasa wa pili sikuufungua. Niliikunja barua nikaitia ndani ya kamusi, nikasema nitamalizia kesho. Kesho ikapita, na keshokutwa. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu wote waliamini kwamba wamesomewa.

Ukurasa huo ulisema hivi: Jumatano saa tatu asubuhi, wafanyakazi wa shamba waanze. Kila mmoja asimame juu ya kipande anachokitaka, na mpima ardhi aandike jina lake. Wa mjini wafuate. Asiyefika apewe kitakachobaki.

Jumatano watu wetu walikuwa ng'ambo, kwenye miwati. Walipoona lori la mpima ardhi na kukimbia kuja, saa sita ilikuwa imepita. Mwenye duka mmoja alikuwa amesimama karibu na kijito na gambuti zake za mpira miguuni, na jina lake limeshaandikwa. Hakuwa na kosa, barua yake aliisoma. Mama alimtazama, panga bado mkononi, kisha akauliza chake kiko wapi. Wakamwonyesha juu mlimani, penye mawe.

Mzee Kibet akaniita. Nikaanza kujitetea kwamba Kiingereza cha wakili ni kigumu. Akainua mkono.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Wewe unajua, na umetuacha pale pale tulipokuwa."

Heri angenichapa. Mama naye hakunigombeza kabisa. Tulipokuwa tukipanda kwenda kuona hayo mawe alisema tu, "Hata mimi nilikuwa nacheka." Nililia njia nzima.

Tangu hapo Mzee Kibet hakuniruhusu kufungua mdomo kabla sijaimaliza barua yote kimya, yeye akiyatazama macho yangu. Kisha alikuwa akisema, "Haya. Tufanye nini, na lini?" Nikijibu kwa maneno mengi, aliondoka zake. Nilijifunza, lakini majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Mama aliokota mawe katika shamba lile miaka ishirini na tatu, na mahindi yake hayakuwahi kumpita kiunoni.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu, maana sitarudia. Elimu uliyopewa ni ya kuwasaidia wasioipata, si ya kuwafanya wakupigie makofi. Ukisomea mtu, soma mpaka mwisho. Mwambie kwa maneno ya nyumbani kwao anachotakiwa kufanya, na siku yenyewe. Kama neno hulijui, sema hulijui, kuuliza si ujinga. Hizo maana nyingine kumi mwekee aliye na nafasi.

Mungu akubariki, akupe akili na aupunguze ulimi wako. Na mama yako asiokote hata jiwe moja kwa sababu yako.